Mama Mkwe Amezidiwa

Jina lile nililitunga mimi mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Wageni wanaokuja kuangalia wanyama huwa wamejifunza maneno manne kabla hawajapanda ndege: simba, tembo, chui, kifaru. Ukilitaja moja kwenye redio ya gari, hata kama unamwambia mwenzako kwamba hapa hakuna simba, watu sita wanainuka kwenye viti, kamera zinatoka, na hiyo "hakuna" yako utaulizwa mpaka jioni. Ndiyo maana sisi madereva tuna majina yetu. Simba ni Ndevu. Chui ni Bibi Harusi, maana mtamngoja saa tatu na mwishowe mtaona upindo wa gauni tu. Kifaru ni Bosi, kwa sababu haonekani kazini. Na tembo ni Mama Mkwe. Ukikutana naye njiani unazima injini, unampisha, na hujibizani naye.

Hilo la mwisho nililichukua kwa mama mkwe wangu, mwaka wangu wa kwanza kazini, miaka kumi na tisa iliyopita. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mwendo wa taratibu, na akiingia sebuleni watu walisogeza viti bila kuambiwa. Mke wangu hana siri, akamsimulia. Nikajua nimekwisha. Kumbe mama alicheka mpaka akashikilia mlango. Tangu siku hiyo kila nilipokwenda kumsalimia aliniuliza, "Leo umeniona mara ngapi?" Nami nilimjibu, "Mara kumi na nne, mama, na mara zote umeziba njia." Mama yangu mzazi nilimzika nikiwa mdogo, kwa hiyo huyu ndiye niliyekuwa naye.

Ofisini majina haya hawayajui. Meneja alishapiga marufuku mafumbo kwenye redio, nasi tukaitikia ndiyo bosi na kuendelea. Karani mpya wa langoni hujifunza mwenyewe, polepole, kwa kusikiliza. Yule tuliyekuwa naye wakati huo alikuwa na wiki tatu tu.

Asubuhi hiyo nilipewa wageni wawili, baba na binti yake, watu wa hapa hapa. Sitasema uongo, nilinuna. Wageni wa lugha yako wanasikia kila kitu, na dereva hawezi hata kusonya kwa raha. Mzee alikuwa amevaa koti lililopigwa pasi vizuri, kucha zake zina rangi ya bluu ambayo ilishakataa kutoka. Alipotaka kufungua mlango wa gari, mkono wake ulikosa kitasa mara mbili. Nikadhani ni uzee.

Mzee aliposhuka kwenda chooni pale langoni, binti akanisogelea. Alikuwa fundi cherehani, sindano mbili bado zimechomekwa kwenye kola ya blauzi yake, nadhani alizisahau.

"Kaka, naomba nikwambie ukweli ili usije ukapoteza muda na swala," alisema. "Baba ana presha ya macho. Anaona katikati tu, kama anachungulia kwenye mrija, na hapo panataka jua kali. Jua likififia haoni kitu. Daktari amesema hata hako kamrija kanafunga, huenda mwezi huu, huenda ujao. Anataka kumwona tembo. Huyo mmoja tu. Nimeomba ruhusa ya leo, na kibali chetu ni cha leo."

"Hajawahi kumwona?"

"Amewachora miaka arobaini. Kumwona hajawahi."

Basi kununa kukanitoka. Nikamkalisha mzee mbele, upande wangu, nikamshushia kioo, na tukaenda moja kwa moja mtoni. Tembo wa eneo letu hushuka mtoni kunywa maji kati ya saa sita na saa nane mchana, jua likiwa kichwani. Huhitaji bahati, unahitaji kukaa tu. Ni jambo ambalo wageni hawaliwezi. Nimewahi kubeba mtu aliyetoka nchi ya mbali akapiga picha mia mbili za simba mmoja, na nilipomuuliza simba alikuwa dume au jike akafungua kamera aangalie. Nimewahi kubeba wanandoa waliogombana tangu langoni hadi langoni, na pundamilia wote wakapita bila salamu. Mzee huyu hakuwa na kamera. Alikaa ameegemeza kidevu kwenye dirisha na kuniuliza maswali ya fundi.

Mjini kwao walimwita Brashi. Alichora mabango ya maduka, kuta za hoteli ndogo, milango ya shule za chekechea. Kila mtu alitaka tembo.

"Nilikuwa na kalenda moja," alisema. "Ya kiwanda cha sabuni. Tembo amesimama kwenye majani marefu. Nikamnakili huyo huyo, miaka yote. Sasa majani yale yalimfunika mpaka tumboni, dereva. Miguu ya nyuma sikuipata."

"Ukafanyaje?"

"Nikachora majani! Ningefanyaje? Tembo wangu wote wako majanini. Hata yule wa kwenye ukuta wa benki, wamemzungushia sakafu ya marumaru lakini yeye kasimama kwenye majani." Akacheka. "Mara moja tu nilijitia ujuzi nikamtoa nje ya majani, kwenye ukuta wa shule. Mwalimu mmoja akaniambia, mzee, huyu ana miguu ya mbuzi. Shule nzima ikacheka. Niliufuta ule mguu usiku wa siku hiyo, lakini maneno hayakufutika. Nataka kuona goti la nyuma linavyokunja. Nikishaliona, macho yaende zake."

Binti yake akaangalia nje upande wa pili.

Tulifika mtoni saa nne. Saa tano hakuna kitu. Saa sita hakuna, ila nyani na mamba mmoja aliyejifanya gogo. Gari namba tatu la mwenzangu Kipara lilikuwa limeegeshwa juu ya ukingo, wageni wake wamelala midomo wazi. Saa saba kasoro jua lilikuwa linachoma, jua lenyewe la mzee, na maji yalikuwa matupu. Nilianza kupata wasiwasi. Nilisema moyoni, Mama Mkwe, usiniaibishe leo.

Hapo redio ikakoroma.

"Gari saba, gari saba, huku langoni. Unanipata?" Ni yule karani mpya.

"Nakupata."

"Mama mkwe amezidiwa. Unatakiwa uje haraka."

Lazima nieleze. Kwa madereva, mnyama aliyezingirwa na magari mpaka anatafuta pa kutokea tunasema amezidiwa. Kwamba yuko karibu, yuko wazi, barabarani, na akipata upenyo ataondoka. Langoni kuna uwanja mtupu wa changarawe, hakuna jani hata moja. Tembo akisimama pale unamwona mpaka kucha.

"Bado yupo?" nikauliza.

"Bado yupo. Lakini wahi."

"Na watoto?"

"Watoto wote wameshafika. Umebaki wewe tu."

Nikawasha gari. Nikawaza, mtoto wa watu ameshajifunza lugha yetu, na ndani ya wiki tatu. Nilimsifu kabisa, kwa sauti.

"Mama mkwe ndiye nani?" mzee akauliza.

"Tembo, mzee! Yuko langoni pale pale tulipotoka, na watoto wake. Amesimama kwenye changarawe."

Mzee alinishika mkono uliokuwa kwenye gia, akaubana. Binti ndiye aliyeinama mbele kutoka kiti cha nyuma.

"Kaka, samahani. Una hakika si mama mkwe wa kweli? Mimi nimesikia kama habari ya mgonjwa."

Nilicheka. Hilo ndilo linaloniamsha usiku, kile kicheko. "Dada," nikamwambia, "jina hilo nimelitunga mimi."

Kutoka mtoni hadi langoni ni saa moja na nusu kwa mwendo wa heshima. Mimi nilitumia saa moja na dakika kumi. Redio yangu nyuma ya kilima ni pambo tu, haishiki kitu, kwa hiyo sikusikia lolote tena. Njia nzima mzee alikuwa akichora goti hewani kwa kidole, analipinda mbele, analipinda nyuma, anajiuliza mwenyewe na kujicheka. Sikumbuki kama nimewahi kumwona mtu mzima mwenye furaha kiasi kile.

Langoni hapakuwa na gari hata moja. Changarawe tupu, na mbwa wa askari amelala kivulini. Karani akatoka ofisini mbio, viatu mkononi.

"Yuko wapi?" nikamuuliza kabla sijazima injini.

"Hospitali."

"Tembo yuko hospitali?"

"Tembo gani, kaka?" Aliniangalia kama nimerukwa na akili. "Mama mkwe wako. Mkeo amepiga simu mara tatu. Mama amezidiwa tangu asubuhi, watoto wake wote wameshafika, wanakungoja wewe. Si nilikwambia?"

Aliniambia. Neno kwa neno. Nilibaki nimeshika usukani na gari limesimama.

Niliingia ofisini nikapiga simu. Mke wangu alipopokea alisema tu, "Njoo." Hospitali ni saa nyingine moja kwa barabara ya lami. Saa ya ofisini ilionyesha saa nane na dakika ishirini. Nilitoka nje nikawakuta baba na binti wamesimama kando ya gari, wameshajua, maana dirisha la ofisi halina kioo.

"Nenda kwa mama, kaka," binti akasema. "Sisi tutakaa hapa."

"Nenda, mwanangu," mzee akasema. Alikuwa amevua kofia. "Tembo ni mnyama tu."

Ningekuwa mtu wa maana ningekwenda. Lakini nilimtazama yule mzee na kofia yake mkononi, na aibu ikanipanda mpaka masikioni. Mimi ndiye niliyemtoa mtoni. Na mama, nilijiambia, mwaka huu amezidiwa mara mbili, na mara zote mbili jioni yake alikuwa ameketi kitandani anadai chai na kuuliza nani kamwekea mto mgumu. Atanisubiri. Nitawapeleka hawa, nitarudi, nitamsimulia kisa hiki, naye atacheka mpaka manesi waje. Nilikiona kile kicheko kabisa.

Nikampigia mke wangu, nikamwambia nitafika jioni. Akasema, "Sawa," na kukata.

"Pandeni," nikawaambia wageni.

"Kaka..."

"Dada, panda. Naomba."

Tulikuwa hatujamaliza nusu ya njia wingu likaanza kujaa upande wa mlimani. Halikuwa la mvua, lilikuwa lile zito la kijivu linaloziba tu na kukaa. Nikaongeza mwendo, na kuongeza mwendo kukanipa nilichostahili: pancha, gurudumu la nyuma, kwenye mawe. Jeki ikateleza mara mbili. Nati moja ilikuwa imeshika kutu, nikaikanyagia spana kwa uzito wangu wote, ikakataa, nikaitukana, ikakataa. Binti alinishikia spana, mikono yake midogo ya fundi imejaa grisi. Mzee alikaa kwenye jiwe akiangalia juu, anageuza kichwa huku na huku, anatafuta jua liko wapi. Mara moja aliuliza saa. Nilimwambia saa kumi. Ilikuwa saa kumi na nusu.

Kabla ya daraja la mtoni tulikutana na Kipara anarudi. Alisimamisha gari, akatoa kichwa.

"Ulikwenda wapi wewe? Nilikuita mpaka koo likakauka! Mama Mkwe alishuka dakika ishirini tu baada ya wewe kuondoka. Kumi na saba! Wameoga, wamelala matopeni, wameinuka, saa nzima na nusu mbele ya magari. Jua kali! Wageni wangu wamelia machozi." Kisha akamwona mzee kando yangu, akaona uso wangu, akaingiza kichwa ndani. "Wako ng'ambo sasa, wanapandisha. Ukiwahi utawakuta."

Tuliwakuta. Niseme haki, tuliwakuta. Walikuwa saba, ukingo wa pili, hatua kama arobaini kutoka kwetu, wanapanda mlima pole pole. Wametupa visogo, miguu yote ya nyuma iko wazi kwenye udongo mwekundu, magoti yanakunja na kunyooka, yanakunja na kunyooka. Kwa mtu mwenye macho palikuwa bado pana mwanga wa kutosha. Nilifungua paa la gari, nikampandisha mzee kwenye kiti, binti akapanda nyuma yake na kumshika kichwa kwa mikono yote miwili, akakielekeza.

"Pale, baba. Fuata kidole changu."

"Kidole chenyewe sikioni, mama."

"Pale, hapo hapo, yule mkubwa. Anainua mguu, baba, anauinua sasa."

Mzee alitoa macho mpaka machozi yakamtiririka. Alijaribu jicho moja, akajaribu la pili. Alikunja ngumi, akatengeneza kitundu, akachungulia. Tuliwasikia vizuri, matawi yakikatika na ile ngurumo ya matumbo yao. Yeye alikuwa anaangalia mahali fulani juu ya maji, ambapo hapakuwa na kitu.

"Mzee," nikaanza, "mguu wa nyuma uko hivi. Goti liko chini, halafu..." Nikakwama. Miaka kumi na tisa nawaangalia. Najua kutaja umri wa tembo kwa kumwona masikio, najua akikasirika mkia unakaaje. Nilijaribu kukunja mguu wangu mwenyewe pale kwenye kiti, nikamshika mkono auguse.

"Usinihadithie, mwanangu," alisema, kwa upole. Akautoa mkono wake. "Kuhadithiwa nimehadithiwa sana."

Tembo wa mwisho aliingia kwenye miti. Binti alikuwa bado ameshika kichwa cha baba yake.

"Tutakuja tena, baba."

"Ninyi mtakuja."

"Baba, lakini umemwona kidogo? Hata kivuli?"

Nilimwomba Mungu aseme ndiyo. Binti alihitaji ile ndiyo, na mimi niliihitaji kuliko yeye.

"Hapana," mzee akasema. "Sikuona kitu, mama. Sitaki tuanze kudanganyana leo, maana tutakuwa na muda mrefu." Akashuka kwenye kiti, anapapasa. Akaniuliza, "Mama mkwe wako anaendeleaje?"

Sikujua. Mtoni simu haishiki.

Giza lilitukuta njiani tukirudi. Taa za mbele zilimulika macho ya sungura, macho ya fisi, na sikuonyesha mtu. Karibu na lango simu ikaanza kutetemeka mfukoni, ikatetemeka na kutetemeka, ujumbe baada ya ujumbe uliokuwa umekwama mahali tangu mchana. Nikasimamisha gari chini ya taa ya lango. Mke wangu alikuwa amepiga mara kumi na moja. Ujumbe wa kwanza ulisema mama ananiulizia. Wa pili ulisema mama anauliza leo nimemwona mara ngapi, nimjibu nini. Huo ulitumwa saa tisa na nusu. Wa mwisho, wa saa kumi na robo, ulikuwa na maneno mawili. Usikimbie tena.

Nilishuka. Nilizunguka mbele ya gari, nikaegemea tairi. Karani alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, analia, mtoto wa watu asiye na kosa.

"Tumefika?" mzee akauliza ndani ya gari.

"Tumefika, mzee," nikasema. "Mama amefariki."

Nikasikia mlango wake ukifunguka. Alishuka peke yake, binti hakuwahi kumshika. Akaweka kofia kifuani, akaja kunipa pole inavyompasa mtu mzima, mkono wa kulia ameunyoosha mbele. Alinipita pale nilipokuwa. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye nguzo ya lango, akasimama mbele yake, akainamisha kichwa.

"Pole sana, mwanangu," aliiambia nguzo. "Pole sana. Tumekuchelewesha."

Mkono wake ulikuwa bado uko hewani, unangoja. Nikajiinua, nikaenda kuushika.